KIA: Jengo la abiria limepanuliwa, lakini abiria asiye na gari anafikaje Arusha na Moshi?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba tuujadili Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao sote tumezoea kuuita KIA, kwa upande ambao hauzungumzwi sana. Mara nyingi uwanja huu unapotajwa, mazungumzo huwa ni juu ya ndege mpya zinazokuja, idadi ya watalii na nani apewe kuuendesha. Mimi nataka tumzungumzie abiria mwenyewe, kuanzia anapokanyaga ngazi za ndege hadi anapofika kwake Sakina, Majengo, Rombo au Karatu, na hasa yule ambaye hakuna dereva wa kampuni ya utalii anayemngoja nje akiwa ameshika kibao chenye jina lake.

Uwanja ulifunguliwa Desemba 1971. Wakati ule Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na nchi ilitaka mlango wake yenyewe wa kuingizia watalii wa kaskazini bila kuitegemea Nairobi. Ukajengwa wilayani Hai, kwenye tambarare iliyo kusini mwa barabara kuu, takribani kilomita 50 kutoka Arusha na kilomita 40 hivi kutoka Moshi, ukapewa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600. Mahali palichaguliwa kwa busara, kwa kuwa ardhi ilikuwepo, ndege kubwa zinatua bila kubanwa, na hakuna mji uliopendelewa. Lakini uwanja ulio katikati ya miji miwili, bila kuwa ndani ya mmojawapo, unadai kitu ambacho uwanja wa mjini haudai: usafiri wa pamoja uliopangwa kwa makusudi na kufungamanishwa na ratiba ya ndege. Deni hilo lilizaliwa siku ile ile eneo lilipochaguliwa. Hadi leo analilipa abiria mmoja mmoja kutoka mfukoni mwake, na hiyo ndiyo hoja yangu katika uzi huu.

Nianze na jengo, kwa sababu huko kazi imefanyika na ni haki kusema hivyo. Kampuni ya KADCO iliundwa 1998 kuuendesha uwanja, baadaye serikali ikachukua hisa zote, na 2023 uwanja ukakabidhiwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA. Katika kipindi hicho, kwa msaada wa serikali ya Uholanzi, jengo la abiria lilikarabatiwa na kupanuliwa kuanzia 2015, na uwezo wake ukatajwa kuwa abiria milioni 1.2 kwa mwaka. Wanaokumbuka jengo la zamani wanajua tofauti ilivyo.

Hata hivyo, takwimu ya mwaka haisemi mengi juu ya hali ya abiria. Ukigawanya milioni 1.2 kwa siku 365 unapata watu 3,300 hivi kwa siku, na ukiwatandaza kwa saa 24 hawafiki 140 kwa saa, idadi ambayo ukumbi wowote unaweza kuimudu. Ndege haziji kwa mtandazo huo. Ndege za masafa marefu hufuata saa za viwanja vikubwa zinakotoka, na kwetu nyingi huangukia jioni na usiku. Boeing 787-8 ya Air Tanzania ina viti 262, na ndege ndogo ya Q400 ina viti 76. Ndege mbili za ukubwa huo zikitua kwa kufuatana ndani ya nusu saa, zote zikiwa zimejaa, una watu 338 wanaohitaji choo, mkanda wa mizigo, toroli na mlango wa kutokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunapoambiwa uwezo wa jengo lolote la abiria, swali la kwanza kuuliza ni hili: katika saa yenye msongamano mkubwa kuliko zote, abiria wa mwisho atasimama kwenye foleni dakika ngapi? Wataalamu wa viwanja hupanga majengo kwa saa hiyo, na ni vizuri wananchi nasi tuzoee kuuliza kwa kipimo hicho hicho.

KIA haina madaraja ya kuingilia ndege. Abiria hushuka kwa ngazi na kutembea hadi jengoni. Siku ya anga safi mgeni hupata bahati ya kuuona Mlima Kilimanjaro upande mmoja na Meru upande wa pili kabla hata hajagonga muhuri, na sioni kwamba tunahitaji kuyalilia madaraja ya gharama kubwa kwa uwanja wa ukubwa huu. Lakini masika ni masika. Mzee mwenye fimbo, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mkoba wa maziwa mkononi, na mgonjwa anayekwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kwa rufaa wanahitaji njia iliyoezekwa, miavuli ya kutosha mlangoni mwa ndege, na kifaa cha kumshushia mtu asiyeweza ngazi bila kumbeba mikononi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike, na umbali kati ya ngazi ya ndege na mlango wa jengo ni sehemu ya huduma hiyo.

Upande wa uhamiaji umepata nafuu tangu viza ya mtandao ilipoanza 2018, kwani mgeni aliyeombea viza nyumbani kwao hana sababu ya kukaa kwenye foleni ya kulipia dola 50, au 100 kwa Mmarekani. Sitakaa sana hapo.

Ninapotaka kukaa ni nje ya mlango wa wanaowasili, kwa sababu huko ndiko ulipo umati wetu. Utamaduni wetu wa kupokea watu si wa mtu mmoja. Anayerudi kutoka masomoni hupokelewa na ukoo. Desemba, Wachaga wanapopanda kwenda nyumbani kwa Krismasi, kila ndege inayotoka Dar es Salaam inaletea familia nzima na maboksi yaliyofungwa kamba, na wanaowapokea wamefika mapema kwa kuwa hakuna anayetaka mgeni wake akute hakuna mtu. Umati huu ni sehemu ya shughuli za uwanja na unatarajiwa kila mwaka, kwa hiyo haufai kuchukuliwa kama usumbufu unaopaswa kusogezwa. Unahitaji mabenchi yenye kivuli, choo kinachofikika bila kupita kwenye ukaguzi, ubao unaoonyesha ndege imetua au imechelewa kwa muda gani, maji ya kunywa, na chai kwa bei ya watu wa kawaida.

Lipo na jambo zito zaidi ambalo wapangaji wa viwanja mara chache huliweka kwenye michoro. Watu wa Kilimanjaro na Arusha wanaofia mbali, wengi hurudishwa kuzikwa nyumbani, na wengine hurudi kwa ndege. Mwili hupokelewa upande wa mizigo, pamoja na taratibu za nyaraka zake. Wafiwa wanafika na magari yao, wamevaa kanga na vitenge, wamekaa njiani tangu asubuhi, mchungaji au shehe yuko nao, na wanahitaji mahali pa staha pa kusubiria: chumba kidogo chenye viti, mlango wa kutokea ambao hauwapitishi katikati ya watu wanaopakia maboksi ya maua na mboga, na mtumishi mmoja anayeielewa kazi hiyo. Kujenga chumba hicho hakuhitaji mkopo wa nje. Ningefurahi sana kuona KIA inakuwa uwanja wa mfano nchini katika jambo hili.

Sasa nije kwenye barabara. Coaster na mabasi ya Arusha–Moshi yanapita njia panda ya KIA kutwa nzima, kati ya Kikatiti na Bomang'ombe, na nauli yake ni ya kila mtu. Tatizo ni kwamba kutoka njia panda hadi jengo la abiria kuna kilomita 6 hivi. Kwa mtu mwenye begi la kuvuta, umbali huo ni zaidi ya saa nzima juani, au bodaboda na begi limelazwa juu ya tangi. Usiku ndiyo kabisa, maana magari ya barabara kuu yanapungua wakati ambapo ndege za masafa marefu ndiyo zinatua. Teksi zipo, na kwa miaka mingi bei inayotajwa kwenda Arusha au Moshi imekuwa dola 50 hivi. Mtalii anayekuja kupanda mlima kwa maelfu ya dola haoni uzito wake. Kwa mwalimu aliyebahatika kupata tiketi ya bei nafuu kutoka Dar es Salaam, nauli hiyo ya teksi inaweza kukaribia, au hata kupita, bei ya safari yenyewe ya ndege.

Tazameni wenzetu. Unguja, ukiwa mjini unapanda gari namba 505 iliyoandikwa U/Ndege na unashushwa uwanjani kwa nauli ya daladala. Nairobi, basi namba 34 limebeba abiria na wafanyakazi wa JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwa miaka mingi. Linaloniuma zaidi ni hili: mkazi wa Arusha anaweza kukata kiti cha basi dogo linalopita Namanga na kumfikisha hadi JKIA, nchi nyingine, kwa nauli inayojulikana na saa inayojulikana, ilhali kwenda KIA, uwanja wa mkoa jirani ulio mwendo wa saa moja tu, anaanza kupiga simu kuuliza nani ana gari.

Kuna pia abiria wa kuunganisha. Ndege ndogo za kwenda Serengeti nyingi huondokea Uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, magharibi mwa jiji, kwa hiyo mtu anayetua KIA na kuunganisha huko hana budi kulivuka au kulizunguka jiji la Arusha. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4, inayoanzia upande wa Usa River na kupita kusini mwa jiji, pamoja na njia nne za Sakina hadi Tengeru, zimepunguza sana adha hiyo. Lami nzuri tayari tunayo, kilichobaki ni chombo cha kupita juu yake kwa ratiba.

Pendekezo langu ni kwamba TAA na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wakae pamoja na kutangaza njia rasmi mbili, KIA–Arusha na KIA–Moshi, zenye nauli iliyobandikwa ukutani, tiketi inayouzwa ndani ya ukumbi wa wanaowasili, na ratiba inayofuata ndege za siku hiyo. Karibuni tuchangie kwa hoja.

#2 – Dereva_wa_Hai

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri na kwa heshima, nami nitajibu vivyo hivyo. Mimi ni dereva wa teksi. Watu wanaona dola 50 wanadhani tunanyonya, lakini gari likienda Arusha kilomita 50 linarudi tupu kilomita 50, kwa hiyo abiria analipia kilomita 100. Ongeza muda wa kukaa kwenye foleni yetu. Kuna siku dereva anafika saa 12 asubuhi na anapata mtu wake wa kwanza saa 2 usiku, kwa kuwa abiria walio wengi wana magari ya kampuni yanayowangoja. Basi likija, sisi tutabaki na nini? Tuna vyama vyetu, tumelipia leseni na ukaguzi. Naomba mnaopendekeza mabasi mtuambie na sisi tumewekwa wapi katika mpango huo.

#3 – Mleta uzi

Kaka, nakushukuru kwa kuweka hesabu mezani, kwa sababu hiyo ya kurudi tupu ndiyo kiini cha tatizo zima. Gari la watu wanne likienda njia ndefu upande mmoja halina namna ya kuwa rahisi, hata dereva awe mwema kiasi gani. Naamini basi litawachukua zaidi wale ambao leo hawapandi teksi kabisa: wanaofuatwa na mjomba aliyeazima gari, wanaopanda bodaboda hadi njia panda, na wale wanaoamua kupanda basi la Dar es Salaam moja kwa moja kwa kuwa mwisho wa safari ya ndege una gharama ya ziada. Familia yenye mabegi sita na mtoto aliyelala itaendelea kuja kwako.

Ningependa pia teksi zenyewe ziwe na bei iliyobandikwa kwa shilingi, kwa kila eneo: Usa River, Bomang'ombe, Machame, Marangu, Tengeru. Abiria wa Usa River leo anaogopa kuuliza kwa sababu amesikia bei ya Arusha, hivyo wewe unamkosa na yeye anahangaika. Aidha, dereva aliyeshusha mtu Moshi angeruhusiwa kuchukua abiria wa KIA katika kituo maalumu pale Moshi, ile nusu ya safari inayokwenda tupu ingepungua. Hilo linahitaji makubaliano kati ya vyama vyenu vya uwanjani na vya mjini, na ninyi ndio mnaojua ugumu wake uko wapi.

#4 – Mstaafu wa Usafirishaji

Vijana wangu, nimefanya kazi za mabasi muda mrefu, naomba niseme kidogo. Jambo hili si geni. Wapo wenye ndege ambao kwa nyakati tofauti waliweka mabasi ya kuwafikisha abiria wao Arusha na Moshi, na abiria waliyapenda. Udhaifu wa mpango wa namna ile ni kwamba basi limefungwa kwa ndege za shirika moja. Shirika likipunguza safari au likibadilisha saa, basi linakosa watu na linaegeshwa. Abiria wa shirika jingine aliyetua dakika 20 baadaye haruhusiwi kulipanda, ingawa viti viko wazi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Coaster inachukua watu kati ya 25 na 30. Kwenda Arusha na kurudi ni kilomita 100, na tukikadiria lita moja kwa kilomita 6 au 7 basi ni lita 14 hadi 17 za dizeli. Ongeza mshahara wa dereva na kondakta, matairi, bima, ushuru wa kuingia. Ukiwa na watu 10 kila upande kwa nauli ya shilingi 15,000 una 300,000, gari linatembea. Ukiwa na watu 3 unapata hasara. Kwa hiyo basi linatakiwa kuwa la uwanja, lihudumie ndege zote na wafanyakazi wa zamu pia, maana wao ndio abiria wa uhakika kila siku: wa usafi, wa ulinzi, wa mizigo, wa migahawa. Mkiwasahau hao, ratiba yenu haitadumu msimu mmoja.

#5 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umenifungua macho kuhusu wafanyakazi, na naomba wanajukwaa wote walizingatie. Mtu anayeingia zamu alfajiri akitokea Bomang'ombe au Maji ya Chai anahitaji gari kila siku ya mwaka, iwe msimu wa wageni wa Juni hadi Oktoba au miezi ya mvua ambapo ndege zinapungua. Tiketi ya mwezi kwa wafanyakazi ingempa mwenye basi kianzio, na abiria wa ndege wakaja kuwa nyongeza. Nakubaliana nawe pia kwamba mwenye mkataba awe uwanja. TAA ikitangaza zabuni ya njia, kwa sharti la kuhudumia na ndege za usiku, mshindi anaweza kusamehewa ushuru wa kuingia ili afidie safari zenye watu wachache.

#6 – Binti wa Machame

Naomba nichangie kuhusu watu wenye ulemavu, kwa sababu mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Katika uwanja mmoja wa ndege hapa nchini, ambao sitautaja, vijana wawili walimshusha mama kwenye ngazi wakiwa wamemshika kwapani na magotini, mbele ya abiria wote, na mama yangu ni mtu wa miaka yake na heshima zake. Vijana wale hawakuwa na ubaya, walikuwa wanafanya walichoweza, kwa sababu kifaa cha kumshushia hakikuwepo. Alipofika nje, kiti chake mwenyewe kilikuwa bado kwenye mkanda wa mizigo pamoja na mabegi, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi kilipopatikana.

Tangu siku hiyo nina maswali ninayouliza kabla ya kukata tiketi: je, kiti chake kitaletwa mlangoni mwa ndege? Je, kuna mteremko kutoka ukumbini hadi maegesho, au kuna ngazi mbili ambazo hakuna aliyeziona kuwa kikwazo? Je, choo cha watu wenye ulemavu kiko wazi, au kimefungwa na ufunguo uko kwa mtu ambaye hayupo zamu? Na hilo basi mnalolijadili, mlango wake una upana gani na ngazi yake ya kwanza iko juu kiasi gani? Coaster ya kawaida mama yangu hawezi kuipanda.

#7 – Mleta uzi

Dada yangu, pole kwa mama, na mfikishie shikamoo yetu. Maswali yako yanafaa kuingia katika zabuni kama yalivyo. Angalau moja kati ya magari ya njia hiyo liwe na mlango mpana na sakafu ya chini au ubao wa kupandishia kiti, na lipangiwe saa zinazojulikana ili mtu aweze kulitarajia. La ufunguo wa choo halihitaji zabuni wala bajeti, ni agizo la meneja wa zamu.

#8 – Mkazi wa Ngaramtoni

Mbona hakuna anayetaja reli? Treni ya abiria ilirudi Moshi 2019 na Arusha 2020, na reli inapita ukanda huo huo. Kwa nini tusidai kituo cha uwanja wa ndege kama nchi nyingine? Pia mkumbuke AFCON 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja wa mpira wa watu 30,000. Hatuwezi kuwapokea mashabiki kwa Noah za kukodi.

#9 – Mleta uzi

Ndugu yangu, reli naipenda, na siku ikiboreshwa nitakuwa wa kwanza kuitetea. Lakini treni tuliyonayo imepangwa kwa safari ndefu ya Dar es Salaam na haiji kila siku, ilhali abiria wa ndege anahitaji chombo ndani ya saa moja baada ya kuchukua begi lake. Tukiisubiri reli ndipo tupange usafiri wa KIA, tutasubiri miaka mingi kwa jambo ambalo mabasi manne yanaweza kuanza kulitatua.

Kuhusu AFCON nakuunga mkono, kwa tahadhari moja. Mashindano huleta mabasi ya muda, yenye mabango mazuri, yanayoondoka mpira ukiisha. Ningependa njia ya basi la KIA ianze kabla ya mashindano, ipate wateja wake wa kudumu, kisha wakati wa mechi iongezewe magari tu. Mashabiki watakaotua saa 4 usiku watakuta mfumo ambao madereva na wakatisha tiketi wameshauzoea.

#10 – Dereva_wa_Hai

Nimesoma yote. Kwa upande wangu la bei za kubandikwa kwa kila eneo nalikubali, na la kuchukua abiria Moshi wakati wa kurudi nitalipeleka kwenye kikao chetu, ingawa najua wenzetu wa mjini watauliza sisi tutawapa nini. Swali langu la mwisho kwa mleta uzi: basi lako litasubiri hadi lini? Ndege ikichelewa saa mbili, abiria waliokwisha panda watakubali kukaa? Na mjini litawashusha wapi usiku huo, stendi?

#11 – Mleta uzi

Kaka, maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama mpango utafanya kazi, kwa hiyo nitayajibu kwa kadiri ninavyoona, nanyi mnirekebishe.

Mchana basi liondoke kwa saa maalumu, liwe limejaa au halijajaa, kwa sababu anayekwenda uwanjani kupanda ndege anahitaji uhakika wa saa kuliko kitu kingine chochote. Usiku utaratibu ubadilike: gari la mwisho la Arusha na la mwisho la Moshi yafungwe kwa ndege ya mwisho, yasiondoke kabla begi la mwisho halijatoka kwenye mkanda. Ndege ikichelewa, waliokwisha panda waondoke na gari moja, na gari la akiba libaki. Ndiyo maana nimesema mabasi manne, mawili kwa kila mji.

Kuhusu kushusha, stendi usiku si mahali pa kumwachia mgeni wala mama mwenye watoto. Moshi, basi lipitie barabara kuu hadi katikati ya mji na kushusha mahali penye taa na teksi za kudumu. Arusha, lishushe Usa River na Tengeru njiani, na mwisho wake uwe karibu na Mnara wa Saa, ambako hoteli ziko jirani na teksi za mjini zinapatikana usiku. Hapo ndipo wenzako wa mjini watakapopata kazi yao, na pengine hilo ni jambo la kuwapa katika kile kikao chenu.

Naandaa barua ya maoni kwa TAA na nakala kwa LATRA. Nitaweka rasimu hapa kabla ya kuituma, ikiwa na vipengele vya Mzee Mstaafu kuhusu wafanyakazi wa zamu, vya Binti wa Machame kuhusu mlango na ubao wa kupandishia, na vyako kuhusu bei za maeneo. Anayefahamu saa ambazo zamu za uwanjani hubadilishana, tafadhali aziandike hapa chini, kwa kuwa ratiba ya gari la alfajiri itaanzia hapo.